Kuku wa Kungwi na Cheti cha Rukia

Newala, Jumamosi. Mvua imekuja, kisima kinalia.

Umeonekana leo. Sijui ulikuwa umejificha wapi. Ulipoondoka mikorosho ilikuwa na maua. Imezaa, mabibo yameanguka na kuoza, korosho zimeokotwa zimekwenda ghalani, na wewe kimya. Hata kupita na kusema "Bibi, upo?" umeshindwa. Huku kwetu mtu akikaa mbali namna hiyo, akirudi hupewa jembe kwanza, kiti baadaye. Haya, kaa. Sina kinyongo. Nina furaha imenizidi kimo, na nisipoisema leo nitawasimulia mbuzi.

Kwa aliye mgeni kwenye ukurasa wetu huu: mimi sikuingia darasani hata kuchungulia. Mimi nasema, mjukuu wangu Rukia anachapa. Leo ameanza kwa kugoma, eti habari ni yake na anaona haya. Nimemwambia, mke mwenzangu, kazi ya vidole si kuchagua maneno. Basi anachapa. Akiruka neno nitajua, maana huwa anakohoa.

Mvua imetukuta alfajiri. Sisi wa juu huku hatuna mto wala chemchemi ya karibu, maji yetu ni ya bati. Yanateremka kwenye mfereji, yanaingia kisima cha uani. Nimeamka nikasimama barazani nikasikiliza tu. Mtu wa bondeni hawezi kuijua raha hii. Nimesema alhamdulillahi mpaka ulimi ukachoka.

Lakini si mvua niliyotaka kukuambia.

Rukia amechagua.

Nianze mwanzo usije ukapotea. Mwanangu Hamisi, ambaye ni mjomba wake Rukia, ana duka la intaneti karibu na soko hapa Newala. Kompyuta chache, zote zimeshapitia mikono mingine kabla ya kufika kwake. Anayejua mambo ya duka lile si Hamisi. Hamisi anajua kuvaa shati na kukaa kaunta. Mtandao ukikatika anayeingia chini ya meza na kufuata waya ni Rukia. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya katikati, akakaa nyumbani, mjomba wake akamwita dukani. Huko ndiko akili yake ilikowaka. Alikuwa anarudi nyumbani na vumbi magotini, anacheka peke yake.

Sasa kuna chuo kimoja kule Masasi kimefungua chumba cha kompyuta, kinataka msaidizi wa kutunza mtandao. Rukia alikwenda wakamjaribu, wakampenda. Wakamwambia nafasi ni yako, lakini tuletee cheti kimoja cha mtandao wa kompyuta, kile cha kuanzia, kabla muhula mpya haujafunguliwa. Bila hicho tutampa mwingine.

Hapo ndipo usingizi ulipotuhama.

Maana vyeti ni vingi. Zamani korosho ilikuwa na mnunuzi mmoja na simu ilikuwa moja, iko posta, unapanga foleni na haja yako. Ukitaka kulalamika unajua mlango wa kugonga. Tangu soko lilipofunguliwa kila kilima kina mnara wake na kila mnara una rangi yake, na kila anayeuza anasema chake ndicho. Silalamiki. Bila kufunguliwa huko Rukia asingeiona kompyuta. Ila hakuna tena wa kukuambia hiki chako, hiki si chako. Vyeti navyo ni kama vitenge vya mnadani, vyote vinang'aa, na kipi kitachuja rangi utajua ukishafua.

Rukia alinipangia hivi. Viko viwili vinavyomfaa mtu wa kuanza. Kimoja ni cha kampuni kubwa inayotengeneza vile visanduku vya kugawa mtandao. Kinaheshimika, wakubwa wa Dar es Salaam wanakitafuta, lakini kinafundisha zaidi mashine za kampuni ile, na kinachimba ndani sana. Cha pili si cha mwenye mashine yoyote. Kinafundisha misingi: waya gani kwa kazi gani, kompyuta inapewaje anwani yake, mtandao ukifa uanzie kutafuta wapi. Ni kidogo, lakini ni cha kila mahali. Mtihani wa vyote viwili unafanyikia Dar es Salaam, kwenye kompyuta yenyewe. Na korosho zetu za mwaka huu zinatosha kumpeleka mara moja tu. Hakuna kurudia.

Hamisi akachagua kile kikubwa. Kwetu mjomba akisema amesema. Mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye anayemfungulia njia, iwe ndoa iwe safari. Hamisi hakusubiri hata tukae. Alitangaza sokoni, akatangaza msibani, akamwambia mpaka muuza chumvi kwamba mpwa wake anasomea cheti cha wakubwa. Watu wakaanza kunipa hongera njiani. Na mimi nisikudanganye, nilinyoosha shingo.

Kitabu kikaletwa, kinene kama tofali, kizungu kitupu. Rukia akakaa nacho kibarazani. Mwanzo nilimsikia akisoma kwa sauti. Kisha kwa kunong'ona. Kisha simsikii. Nikamletea ming'oko ya moto, vile viazi vyetu vya porini, chakula anachokipenda tangu hajaota meno, nikaikuta imepoa pale pale. Nikamuuliza kulikoni, akasema hakuna kitu, Bibi. Mtoto wa kike akisema hakuna kitu, sogeza kigoda ukae.

Nikasogeza. Nikakaa. Nikamenya ming'oko nikala mwenyewe, taratibu, mpaka akasema.

"Bibi, maneno nayaelewa moja moja. Nikiyaunganisha sijui niko wapi. Na nikishindwa Mjomba ataiweka wapi sura yake?"

Hakuwaza kazi, aliwaza sura ya mjomba. Nilitaka kumpiga kofi na kumbeba mgongoni, vyote kwa pamoja.

Nikamuuliza swali moja tu, ambalo tulipaswa kuuliza sote tangu siku ya kwanza. Kungwi wako nani?

Akacheka kwa machozi. Akasema Bibi, huu si unyago. Nikamwambia najua si unyago, sijawa kichaa. Lakini nilipoingia mimi ndani, na alipoingia mama yako, hakuna aliyeingia peke yake. Kungwi ni mtu aliyepita njia ile kabla yako, akatoka salama, akarudi kukushika mkono. Anakuambia hapa pana giza, usiogope, geuka huku. Ndiyo maana kwetu msichana hashindwi ndani. Si kwamba wote ni hodari. Ni kwamba hakuna anayeachwa. Sasa niambie, kwenye cheti hiki cha mjomba wako nani amepita kabla yako, hapa Newala, au Kitangari, au Masasi yote?

Akafikiri. Hakuna, Bibi.

Na kile kidogo?

Akasema yuko mwalimu mmoja pale chuoni, ndiye aliyemjaribu. Mwalimu Sabina. Anacho kile kidogo, na kikubwa pia alikipata baadaye. Ametoka Bukoba huko, anaishi Lisekese, hapo hapo Masasi.

Nikamwambia imetosha. Lala.

Kesho yake nikafunga safari. Nilichukua unga wa muhogo mweupe, nikachukua na tetea wangu mwenye madoa, yule anayetaga. Katika nyumba yetu ndivyo tunavyomwendea kungwi. Hatusemi maneno mengi. Unampa kuku aliye hai, akimpokea amekubali kazi. Kuku yule anafugwa kwa kungwi, anataga, na siku mtoto anapotoka ndiyo siku anachinjwa, wakala pamoja mtoto, kungwi na mama. Kabla ya hapo haguswi na mtu.

Nikateremka mlima kwa basi, kuku mapajani. Pale stendi Masasi mtani wangu Mmakua, anayeuza mbaazi, akaniona akaanza. Akauliza Wamakonde mmeishiwa maji tena, mpaka kuku mmewaleta kunywa? Nikamwambia maji tunayo, tulichokuja kutafuta ni mtu mwenye akili, na kwa kuwa nimeanza kukuona wewe naona safari itakuwa ndefu. Akanionyesha njia ya Lisekese huku anacheka, akanitilia na mbaazi kwenye kanga.

Mwalimu Sabina nilimkuta anafua. Mwanamke mrefu, mpole wa macho. Akafuta mikono, akanipa shikamoo yangu kwa adabu, nikaitikia, nikamnyooshea kuku. Akampokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema ahsante sana, Mama, umejisumbua. Moyo wangu ukatua. Nikasema imekwisha, Rukia amepata kungwi. Akampeleka kuku nyuma, akarudi na maji ya kunywa, nikaanza kumweleza habari ya mjukuu wangu, na kitabu, na mjomba, na muhula unaokuja. Akasikiliza vizuri. Kila mara anaomba radhi, anakwenda nyuma, anarudi. Nikadhani anamtafutia kuku tenga.

Kisha nikasikia harufu ya kitunguu.

Sikutaka kuelewa. Nikaendelea kusema. Harufu ikazidi. Akaandaa mkeka, akaleta ugali, akaleta bakuli, akafunua, na tetea wangu mwenye madoa amelala humo ndani na nyanya.

Nikamtazama tetea wangu, nikatazama mkeka. Kwao mgeni akija na kuku, heshima ni kumpikia papo hapo. Kwetu amekula jasho kabla ya kulima. Nikasusa? Chakula cha mtu aliyekupigia goti hakisuswi. Nikala? Nikimla nakula bahati ya mjukuu wangu. Nikanawa mikono polepole kuliko siku zote za maisha yangu. Nikamega tonge. Nikaligeuzageuza vidoleni.

Mwalimu Sabina akaniangalia akauliza kama chumvi imezidi. Nikaona kuficha kutaniua. Nikamwambia yote: kuku yule si kitoweo, ni agano, na maana yake ni hii na hii.

Akaweka tonge chini. Nikaona haya inampanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele. Tukatazamana. Kisha sijui nani alianza, tukacheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Alipopata pumzi akasema, "Kwa hiyo, Mama, nimekubali kazi bila kujua, na mshahara nimeupika."

Nikamwambia ndiyo, umeupika na kitunguu, na sasa huwezi kuurudisha. Kuku aliye hai ungeweza kunirudishia ukaniambia huna nafasi. Huyu umemtia chumvi. Hapa mtoto ni wako, utake usitake.

Akasema, "Nataka."

Tukala. Tukamaliza mpaka mifupa. Sijawahi kula kuku mtamu namna ile, na sijui kama ilikuwa kitunguu au lile neno.

Baada ya kunawa ndipo aliponiambia jambo lililonifanya nikuandikie leo. Alisema yeye mwenyewe alianza na kile cheti kikubwa. Kaka yake alimsifia kwa watu, kama Hamisi. Akasoma peke yake, akaenda kufanya, akashindwa. Akakaa mwaka mzima hagusi kompyuta, anawaambia watu matokeo hayajatoka. Mpaka mwenzake mmoja akamwambia rudi mwanzo, chukua kile cha misingi, hakuna anayekucheka isipokuwa wewe mwenyewe. Akakichukua. Kile kikubwa kikaja baadaye, kikaingia chenyewe kama mtu anayejua njia ya nyumbani.

Na akaniambia jambo la pili, la kazi hasa. Chuo chao kompyuta zake ni za kupewa, kila moja imetoka kwake, visanduku vya mtandao vina majina mengi. Mtu aliyesomea mashine za kampuni moja atasimama katikati ya chumba kile kama aliyefundishwa kupika kwa sufuria moja tu. Kile kidogo ndicho kinacholingana na vitu vilivyopo. Akasema kile cha wakubwa ni kizuri, asikidharau, lakini hakikimbii popote.

Nimshukuruje mtu huyu? Angeweza kukaa na aibu yake sandukuni. Ameitoa, amempa mtoto asiyemjua vizuri, kupitia kikongwe aliyemletea kuku.

Ilibaki kwa Hamisi. Sikupita pembeni, hata kama mimi ndiye niliyemzaa. Njia ya mpwa inafunguliwa na mjomba, nikimruka leo kesho hakuna atakayemsikiliza. Nikamwita nyumbani, nikampikia, nikamweleza polepole. Akanuna. Alisema amekwishatangaza, watu watasema mpwa wake ameogopa, atapita wapi sokoni.

Nikamwambia, "Hamisi, aliyetangaza ni wewe. Atakayekaa kwenye kile kiti Dar es Salaam ni yeye. Ukitaka cha wakubwa, kitabu kile pale, kasome."

Akakitupia kitabu jicho. Hapo Rukia, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumjibu mjomba wake ila kwa "ndiyo, Mjomba", akapiga magoti mbele yake. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. Alisema, "Mjomba, nakuomba kile kidogo. Nataka kuijua kazi kabla sijalijua jina lake."

Mimi sikumfundisha maneno yale. Naapa.

Hamisi aliinuka akatoka. Hakuaga. Nikamwambia Rukia usilie, mpe muda, mwanaume akiangushwa na mtoto huwa anatafuta mahali pa kuweka mikono. Nikaosha vyombo, nikavirudia kuviosha. Alipobisha hodi tena alikuwa amebeba kompyuta moja ya dukani kifuani, pamoja na kile kisanduku cha zamani cha kugawa mtandao na fungu la waya. Akaviweka mkekani. Akasema hivi visirudi dukani, vifungue uone kilicho ndani, na usiponielewesha na mimi sikupi nauli.

Ndivyo mjomba alivyofungua njia. Hakutamka baraka, lakini mimi namjua, zile waya zilikuwa baraka.

Sasa kila Jumamosi Rukia anateremka Lisekese kwa Mwalimu Sabina. Wanasoma kile kizungu kisha wanakigeuza Kiswahili, na kisichogeuka wanakichora chini kwa kijiti. Leo amerudi na mvua, kanga imemlowa, anasema bila kupumua. Ameniambia kompyuta mbili haziwezi kuzungumza mpaka kila moja iwe na anwani yake, na zikigongana anwani zote zinanyamaza. Nikamwambia kama mimi na marehemu babu yako. Ming'oko ameimaliza, ameuliza kama ipo nyingine.

Nashukuru. Nashukuru kwa bati na kwa kisima. Kwa mwanamke wa Bukoba asiyejua desturi yetu, akaivunja, na akaishika vizuri kuliko wengi wanaoijua. Kwa Hamisi, jeuri wangu. Kwa huyu anayechapa, ambaye sasa hivi amekohoa, nimemwambia rudisha neno uliloruka. Amelirudisha. Neno lenyewe ni hili: nampenda.

Kama atafaulu sijui. Mtihani bado. Nikikuambia siogopi nitakuwa mwongo na mvi zangu. Kazi ile pale Masasi inamsubiri kwa muda mfupi tu, na tuna safari moja. Lakini kile cha kwanza nilichokiogopa, mtoto kukaa na kitabu peke yake hajui yuko wapi, hicho kimeondoka nyumbani kwangu, na sikioni kikirudi.

Watu wameshaanza. Njiani wananiuliza, je, ametoka, amepata? Nimewakataza wote, kuanzia muuza chumvi.

Na wewe hivyo hivyo. Ukija tena, usimuulize Rukia matokeo, hata kama yametoka, hata kama umeyasikia kwa watu. Muulize wiki hii amejifunza nini. Kisha kaa, nyamaza, msikilize mpaka amalize, hata kama huelewi neno. Mimi sielewi, na sijawahi kuondoka kabla hajamaliza.